Siku Tatu za Mwanamkasi Mjini

Paje,
3 Oktoba 1968

Kwa dada yangu Mwanapili,

Shikamoo dada. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Borafya hajambo, mama mkwe hajambo, na Mwanamkasi, mke mwenzangu, ndiye hajambo kuliko sote. Sababu yake utaisoma.

Ile safari niliyokuandikia ipo. Borafya amemaliza milango ya skuli mpya, na sasa anataka kupumzika kama watu: siku tatu za mjini, kula vizuri, kuvaa vizuri, kutembea bila ya kubeba randa. Aliyeipanga ni mimi, maana yeye mjini anajua kwa wauza mbao na msikitini tu. Mimi ndiye niliyesema tufikie kwako Malindi. Alhamisi jioni tushuke Forodhani tumependeza, Ijumaa baada ya sala twende sinema kwenye filamu ya Kihindi, Jumamosi tukapige picha, mimi nimekaa kitini na yeye amesimama nyuma, mkono begani kwangu. Hata kanga nilikwisha kuichagua.

Basi anayekuja ni Mwanamkasi. Unajua mume mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja hupiga kura, na Borafya mambo ya haki hana mchezo nayo. Alitia kofiani kombe mbili ndogo zilizookotwa pwani, nyeupe yangu, yenye mabaka ya mwenzangu, mama mkwe akatia mkono. Ikawa ilivyokuwa.

Dada, nimeingiwa na wivu mpaka chakula hakipiti. Jana Mwanamkasi alikuja na ule mwanya wake wa meno, ananiomba nimfundishe watu wa mjini wanavyokwenda. Hajapata kuvuka Mwanakwerekwe kuingia mjini, huyo. Akaazima baibui langu la hariri, akalijaribu mbele yangu, likamkaa kuliko linavyonikaa mimi. Akauliza kama mtu akiingia sinema huvua viatu mlangoni. Nikamjibu kwamba ndiyo, na avipange vizuri.

Kwa hiyo nakuomba, usiwapeleke kwa mpiga picha. Waambie kafunga. Siwezi kuikuta picha ile ukutani kila nikifagia. Biriani yako usimpikie, wali na mchuzi unamtosha. Wala usimpende. Nakujua wewe, mtu akicheka kidogo tu unamwita mwanangu.

Hapa nilitaka kumaliza, lakini nikimaliza hapa nitakuwa nimekudanganya.

Kombe iliyotoka kofiani ilikuwa yangu. Mama mkwe aliinyanyua juu, Borafya akafurahi waziwazi, na Mwanamkasi akanipa mkono wa heri. Ni mimi niliyesema mguu unaniuma, aende mwenzangu. Mguu wangu mzima.

Tangu Borafya anioe na kunileta huku, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, sijarudi mjini, nawe hujaniuliza kwa nini. Chumba changu cha juu hapo kwako kinatazamana na dirisha la kwao rafiki yangu Biasha. Unakumbuka kichochoro kilivyo chembamba, Ramadhani tukipokezana sahani za futari mkono kwa mkono. Siku ya harusi yangu alinirushia kikuba cha asmini kutoka kwao, nikakivaa hicho nikaacha cha mama. Uliponiandikia kuwa baada ya Mapinduzi kina Biasha wameondoka wote na nyumba ina watu wengine, niliisoma barua nikaikunja, sikukujibu habari hiyo. Nikiwa huku, bado namuona Biasha pale anachana nywele. Nikija nitalifungua dirisha, najijua, na atakayekuwepo si yeye.

Lakini kujua nataka, nani yuko dirishani pale sasa. Wewe utanionea huruma, utanipunguzia. Borafya hatatazama. Mwanamkasi hamjui Biasha, na kunibembeleza hana haja. Mlaze chumba kile na usimwambie kitu. Dirisha atalifungua mwenyewe, kwa udadisi wake. Akirudi atanihadithia yote, atajitapa nayo, na mimi nitakaa nimsikilize.

Basi mwambie viatu havivuliwi, kabla hajaaibika. Mpikie biriani. Picha wapige, na kanga avae ile yangu, nimeshamtilia mkobani. Wivu haujanitoka hata kidogo, usidhani. Atalala kitandani kwangu, ataamshwa na adhana ya msikiti wetu, atakunywa chai iliyotiwa iliki kwa mkono wako, na haya yote nimempa mimi kwa mkono wangu. Na akitokea mtu akamsalimia kutoka dirisha lile, aitikie vizuri. Huko ndiko nyumbani kwangu.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili mwambie namkumbuka. Barua nampa Usi, dereva wa basi, atakufikishia mkononi. Mama mkwe anakusalimu sana.

Wasalaam,
Mdogo wako akupendaye,
Mwanakheri

Borafya akikuuliza habari za mguu wangu, mwambie nimekuandikia kwamba bado unauma.