Mama Mkwe wa Ghorofa Tano

Mama Shamshad, shikamoo. Mimi ni msomaji wako tangu safu hii ilipokuwa robo ukurasa, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningejikuta miongoni mwa wale ninaowacheka nikikusoma kwenye basi, lakini yamenifika, naomba uninusuru kabla ya Alhamisi tarehe 21 Agosti, kwa sababu siku hiyo nitasimama mbele ya wapangaji wa majengo matatu kusoma barua isiyo na jina ambayo niliiandika mimi mwenyewe.

Niseme kwanza mimi ni nani. Naitwa Cyriaque, mtu wa Uvira, nina miaka arobaini na sita, naishi huku Kanada, mtaa wa Rexdale, ghorofa ya tatu na mke wangu Généreuse na binti yetu Elysée wa miaka kumi na mmoja, nafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, zamu ya asubuhi, na kanisani mimi ndiye mkalimani, hakuna tangazo la Kiingereza lisilopitia kinywani mwangu. Katika ukoo wetu, sijui kwenu Mwanza, mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali chakula mbele yake, na akimwona njiani anapisha, na huo si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Mjini wengi wameacha. Babu yangu aliyenilea hakuacha, nami nilipooa mwaka 2001 nilimheshimu mama Anastasia kwa mtindo huo mpaka tulipoondoka mwaka 2006, yaani miaka mitano nilizijua kandambili zake zote lakini uso wake sikuujua vizuri.

Sasa, mwaka juzi kanisani kulikuwa na semina ya ndoa, ukafika wakati wa chakula, ndugu Déo akachukua sahani yake akaenda kula kwenye maegesho ya magari kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ukumbini. Mimi nikashika kipaza sauti nikasema mambo hayo tuliyaacha kwenye ndege, hapa ni Kanada, mama mkwe ni mama, mtazame, kula naye, cheka naye, watu wakapiga makofi, Généreuse akajivuna, na ndugu Déo mpaka leo ananisalimia kwa kidole kimoja.

Mwaka huu jiji likatoa fedha za sanaa mitaani, ukuta mmoja upakwe picha, ikaundwa komite ya wapangaji, mimi nikawekwa kuwakilisha watu wa Kongo na Burundi, tukaambiwa kila mmoja alete picha ya mzee wa kwao ili mchoraji achague uso mmoja. Wajamaika wakaleta, Wasomali wakaleta, mimi nikachomoa kwenye albamu ya mke wangu picha ya mama yake, kumfurahisha tu, nikidhani hata ikichaguliwa itakuwa kitu cha kutundikwa ofisini karibu na ratiba ya mashine za kufulia. Mchoraji, binti mmoja anaitwa Farhat, aliitazama akasema huyu ndiye. Sikuuliza ukubwa. Mama Shamshad, ni ghorofa tano.

Ukuta huo ni wa jengo linalotazamana na letu, na jicho la kushoto la mama mkwe liko sawasawa na dirisha la jikoni kwetu. Tangu Juni sijala mezani. Nikirudi kazini saa tisa na nusu alasiri nabeba sahani yangu ya ugali na sombe, yaani kisamvu, naenda bafuni, nakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, nafunga mlango, nakula. Kituo cha basi nacho kinautazama ukuta, basi nasimama nimeupa mgongo na kuinamisha kichwa, na mara mbili dereva amenipita akidhani sisafiri. Nikifunga pazia la jikoni, Généreuse analifungua.

"Cyriaque, juu ya nini unafungia mama yangu rido?"

"Jua linaingia."

"Jua gani? Huku ni kivuli siku yote."

Elysée akadakia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu hakijibu, kwamba ile ni rangi, baba, haiwezi kukuona. Nitamwambia nini mtoto wa miaka kumi na mmoja, na nitamwambia nini mama yake baada ya hotuba yangu ya kipaza sauti?

Basi nikafanya upumbavu. Chumba cha kufulia kuna sanduku la maoni. Nikaandika kwa Kiingereza, bila jina, kwamba mimi ni mpangaji mwenye wasiwasi, picha ile inatisha watoto, macho ya yule bibi yanamfuata mtu mpaka ndani kwake kama polisi wa uhamiaji, ifutwe au wachore maua. Kwetu karatasi kama hiyo ingefungiwa karanga. Hapa komite iliipiga muhuri, ikaipa namba, ikaitisha mkutano. Généreuse aliposomewa maneno ya polisi alikaa jikoni akalia, halafu akanawa uso akaanza kukusanya saini za kuitetea picha, mpaka jana zimefika mia mbili na kumi na mbili, na anayemshikia karatasi mlango kwa mlango ni mimi. Na kwa kuwa ndimi mkalimani, komite imeniomba siku hiyo niisome barua ile mbele ya wote na kuitafsiri kwa Kiswahili.

Juu ya hayo, viza ya mama mkwe imetoka. Anafika Jumamosi tarehe 23, siku mbili baada ya mkutano, atakaa kwetu miezi mitatu, maana yake nitakuwa naye mmoja ndani na mmoja nje. Généreuse anashangaa mbona sifurahi. Juzi alinitolea wazi: "Weye haumupendi mama yangu. Tangu baba alikufa haujamupigia hata simu moja." Ni kweli baba mkwe alifariki mwaka 2011 na mimi sikwenda kumzika, pasi yangu ilikuwa haijatoka, Généreuse akaenda peke yake, na simu nilikuwa naishika naiacha, naishika naiacha, mpaka miaka mitatu ikapita, lakini hilo ni jambo lingine, sitaki kulichanganya na hili.

Nikiri kitu kimoja. Wiki iliyopita nilichungulia kwenye upenyo wa pazia nikamtazama. Ana nyusi za Elysée. Miaka kumi na tatu ya ndoa nilikuwa sijui, nikajisikia vibaya kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake, nikarudi bafuni.

Sasa nishauri, niisome barua nikijifanya siijui, niugue siku hiyo, au nimwombe Farhat amchoree mama miwani ya jua? Tafadhali ficha jina langu.

Mkwe anayejificha, Rexdale

*

Shamshad anajibu:

Marahaba, baba. Jina lako nimelibadilisha, la mkeo pia, la mtoto, hata la mchoraji. Ukuta sikuweza kuubadilisha. Ni watu wangapi Rexdale wana mama mkwe wa ghorofa tano? Gazeti hili linagawiwa makanisani na kwenye jamatkhana, nyumba zetu za ibada, Jumapili tarehe 17, na kabla ibada haijaisha ukumbi mzima utakuwa unakuangalia wewe. Ndiyo maana nimekutumia jibu hili kwa barua pepe siku nne kabla. Una mpaka Jumamosi jioni kumwambia mkeo kwa mdomo wako. Ukichelewa atasoma hapa, na mimi sitakutetea.

Nilicheka, sikufichi. Nilikuwa namsomea mume wangu Noordin, na tulipofika kwenye beseni la kuogea ilibidi aweke kikombe chini. Halafu tukafika pale mkeo analia jikoni, kicheko kikatuishia. Wewe bwana, mwanamke unayemheshimu kiasi cha kula bafuni ndiye huyo huyo uliyemwita polisi wa uhamiaji, tena kwa maandishi, tena kwa Kiingereza ili watu wote wa mtaa waelewe. Na aliyeumia ni binti yake, ambaye usiku na mchana unamshikia karatasi ukijua anayempinga ni wewe. Hilo si kosa la mila, ni woga.

Kwa hiyo usiisingizie mila. Mila yako haina aibu yoyote, babu yako alikulea vizuri. Aibu ni kumchamba ndugu Déo kwa kipaza sauti kwa jambo unalolifanya mwenyewe umejifungia mlango. Yeye alibeba sahani yake mchana kweupe mbele ya kanisa zima na hakumdanganya mtu. Nenda kwake umwombe radhi, na usimpigie simu, nenda kwa miguu yako, ukae ule chakula chake.

Kwa mkeo anza na barua, usianze na ukuta. Mwambie niliandika mimi. Atakasirika, mwache akasirike, usimkatize kumweleza habari za mila, utamweleza akishamaliza. Ukimweleza, mweleze na hotuba ile, kwamba ulipenda makofi. Nadhani atakuelewa upesi kuliko unavyofikiri, maana mwanamke anayedhani mumewe anamchukia mama yake atafurahi kusikia kwamba mumewe ni mjinga tu.

Alhamisi usiugue. Simama, isome barua kwa Kiingereza, itafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno pamoja na lile la polisi, halafu useme katika lugha zote mbili kwamba mwandishi ni wewe na unaiondoa. Nimekaa nchi hii miaka arobaini. Watu wa hapa mtu akiomba radhi hadharani hawajui wafanye nini naye, watakupa kahawa na kukuchagua mwenyekiti.

Miwani ya jua sahau kabisa. Huyo Farhat namjua, ni binti wa huku kwetu Unionville, mama yake na mimi hukaa mkeka mmoja. Wiki tano alikuwa juu ya jukwaa la chuma kwenye upepo ule kwa sababu ya uso mmoja, akampigia mama yake kumwambia hajawahi kuchora macho yenye upole kama yale. Wewe ukaona polisi.

Na chakula, geuza kiti. Miezi miwili umekaa kwenye beseni ukila sombe na hukufikiria kugeuza kiti. Mama mwenyewe akifika, Généreuse amwulize anataka muishi vipi. Akitaka uendelee kula pembeni, kula pembeni, mkeo atakupakulia. Akitaka ukae naye mezani, kaa, hata kama unatazama sahani tu.

Sasa nije kwa lile ulilosema hutaki kulichanganya na hili. Barua yako ni ndefu, umeniandikia mpaka habari za mashine za kufulia, lakini kifo cha mzee umekipitia mbio kuliko yote. Ngoja nikuambie la kwetu, Noordin ameniruhusu. Baba yangu alifariki Mwanza mwaka 1988. Noordin hakuja kuzika, duka lilikuwa na wiki moja tangu kufunguliwa, akasema angempigia mama yangu kumpa pole mambo yakitulia. Hakupiga. Mwaka huo huo mama alihamia Kanada akaja kuishi nasi, na kila akiingia sebuleni Noordin alichukua gazeti lake akashuka chumba cha chini. Miaka kumi na mmoja. Mimi nilidhani ni kiburi, tukagombana sana. Mwaka 1999 mama alipokuwa kitandani hajiwezi alinishika mkono akaniuliza, "Shamshad, hivi mimi nilimkosea nini Noordin?" Noordin alikuwa chini, ngazi kumi na tatu tu kutoka pale, na mama akafariki bila kusikia lile neno la pole. Mpaka leo Noordin akilitaja hilo machozi yanamtoka, na ni mtu asiyelia.

Wewe unadhani mama Anastasia anahesabu simu ambazo hukupiga, kwa hiyo kila jicho unaloliona lina hasira. Hahesabu. Kama mama yangu, anajiuliza amekukosea nini, na wiki ijayo atapanda ndege ya saa ishirini na kitu kuja kuishi na mtu anayedhani hamtaki.

Usingoje uwanja wa ndege, pale kutakuwa na mizigo na watoto na picha. Mpigie Jumapili hii asubuhi kabla ya kanisa, Uvira itakuwa mchana. Kwenye simu hakuna macho, hata babu yako asingekulaumu. Usimweleze habari ya pasi, anaijua. Mwambie pole kwa msiba wa baba, mwambie umechelewa miaka mitatu, halafu unyamaze. Akilia, usikate simu.