Barua Ambayo Sikumwomba Mutua

Jumapili, katikati ya Julai. Baridi haijaondoka tangu asubuhi na manyunyu yanakuja na kwenda. Nimerudi kutoka kanisani, nimepasha githeri ya jana, nimekula nusu.

Saa hizi Barasa anamzika mdogo wake huko Bungoma. Mimi niko hapa Makadara, naandika.

Nieleze kwa utaratibu, maana ndivyo nilivyozoea katika miaka yangu ya ukarani. Barasa ni jirani yangu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa dereva wa lori katika kiwanda kimoja cha unga. Mimi ni Mkamba, yeye ni Mbukusu. Tangu mke wangu afariki, ni yeye pekee anayekuja kwangu bila kuniletea malalamiko. Huja Jumapili alasiri, tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda, ananishinda, ananicheka, anakwenda zake.

Malalamiko huletwa kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Kanuni moja, ambayo niliiandika mwenyewe, inasema kwamba anayetaka kusimamisha hema katika uwanja ulio kati ya nyumba zetu sharti alete barua siku tatu kabla. Uwanja ni mdogo. Hema likisimama, watu hawana pa kuanika nguo.

Jumatatu mdogo wake Barasa alifariki. Wageni walianza kufika siku hiyo hiyo, wakaketi nje kwenye baridi, kwa kuwa nyumba zetu ni za chumba kimoja. Jumanne asubuhi akaja Nekesa, binti yake Barasa, ambaye huniita kwa jina la mwanangu.

"Baba Mwende, tunaomba kuweka tenti. Watu wananyeshewa."

"Pole sana, mwanangu. Leteni barua, kamati itaipitia."

"Barua ya nini tena?"

"Ya siku tatu. Ndiyo kanuni."

Akanitazama. "Kwani mtu akitaka kufa anatuma notisi kwanza?"

Nikairudia kanuni. Nakiri kwamba niliirudia kwa sauti ya ofisini.

Kufikia adhuhuri alikuwa ameandika katika kikundi cha mtaa kwenye simu: "Tungekuwa Wakamba, hiyo tenti ingekuwa imesimama jana. Mwenyekiti ni mkabila, tuambiane ukweli." Vidole gumba vikafuatana. Nilijibu kwa aya nne zilizopangika. Kijana mmoja akaandika, "Mzee, punguza insha bana." Wakacheka.

Barua haikuletwa. Wageni waliketi chini ya miavuli hadi Ijumaa, walipoondoka na maiti. Barasa hakuandika lolote kikundini. Jumatano nilimkuta mferejini nikampa pole.

"Asante, mwenyekiti," akasema, akaendelea kujaza mtungi wake.

Miaka yote Barasa ameniita kwa jina langu, Muli.

Baada ya hapo sikwenda kuketi matangani hata siku moja. Nilijiambia kwamba nimetukanwa. Nilikaa ndani, nikawasikia wakiimba.

Hasira niliyokuwa nayo, sehemu yake bado naitetea. Neno hili sasa linatupwa kila mahali. Muuza mboga akiishiwa na sukuma wiki kabla zamu yako haijafika, ni mkabila. Refa wa mpira wa watoto ni mkabila. Mwalimu wa kwaya aliyekuambia kwamba unaimbia puani ni mkabila. Juzi mama mmoja wa hapa alimwita mkabila fundi wa mabomba aliyechelewa, na fundi mwenyewe ni wa kabila lake.

Mimi nililijua neno hilo likiwa na uzito. Nilipokuwa kijana, mkuu wetu wa idara alilisoma jina langu kwenye fomu ya kuomba cheo kabla ya kutazama alama zangu za mtihani, akaifunga fomu. Nafasi ile akapewa mtu ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kupanga majalada. Kwa hiyo ninapolisikia likitumiwa kwa ajili ya sukuma wiki, naona kama dhuluma tuliyotendewa inafanywa mchezo.

Haya ndiyo niliyokusudia kuwaandikia watu wa kikundi leo. Na ili isionekane kwamba napiga domo, niliamua kutoa ushahidi. Barua zote za hema ninazo katika jalada moja chini ya kitanda. Ningezipiga picha, watu wajionee kwamba kila kabila limeandika na kila kabila limekubaliwa.

Nimelifungua jalada mezani. Barua ya kina Njoroge ya harusi ipo. Ya Mama Atieno ipo, ya matanga ya mumewe. Ya Mutua haipo.

Nimepekua mara mbili. Mutua, mkazi mwenzetu, alifiwa na mama yake mwaka jana, na hema lilisimama. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nguzo moja niliishika mimi. Alinipigia simu alfajiri akilia, akaniambia kwa Kikamba kwamba mama ametuacha. Nikamwambia aite watu wa hema. Saa mbili asubuhi lilikuwa limesimama.

Sikumwomba barua.

Wala si kwamba nilifikiri nikaamua kumsamehe. Kanuni haikunijia akilini kabisa.

Siku zote nimeamini kwamba mkabila ni mtu mwenye chuki, nami simchukii Mbukusu yeyote. Rafiki mmoja niliyebaki naye ni Mbukusu. Lakini chuki haikuhitajika. Mutua alilia kwa lugha ya mama yangu, nikawa jirani yake. Nekesa aliniomba kwa Kiswahili, nikawa mwenyekiti wake.

Je, neno hili linatumiwa kupita kiasi? Naam, na kesho nitasema hivyo tena. Lakini wapo wengi wanaolitumia ovyo, nami nilimhesabu Nekesa pamoja nao ili nisimsikilize.

Nimezifuta aya nilizokuwa nimeanza kuandika. Badala yake nimetuma hii: "Mwaka jana Mutua aliweka hema bila barua, nami nilimruhusu. Nekesa alisema kweli. Namwomba radhi yeye na baba yake."

Naona watu wengi wameisoma. Aliyejibu ni mmoja, Mutua: "Mzee, sasa mimi nimeingizwaje kwa hii maneno?" Simlaumu. Huenda nimempoteza na yeye.

Barasa anarudi Jumanne. Radhi ya kwenye simu haitoshi kwa mtu ambaye wageni wake walinyeshewa siku nne mbele ya dirisha langu. Itanibidi niende kwake.

Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipopiga hodi mlangoni pake. Katika miaka yote hii, ni yeye aliyekuja kwangu. Mimi sijawahi kwenda.