Nilivyousoma Mchoro wa Nyota Kichwa Chini

Dada Masika,

Habari za Bwera? Kifua cha shemeji kimepoa? Na maharage yako pale soko la mpakani Mpondwe, yanatoka? Mimi huku Ujerumani ni mzima, baridi tu inanichuna. Naandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha barua hii nikutumie kwa simu. Nimeshtuka sana, na nikikupigia nitalia tu.

Huwa unanicheka: wenzangu wanasomea udaktari, mimi nasomea mashimo ya mbinguni. Haya, cheka, lakini nisikilize. Leo mwalimu wetu alitupa mchoro wa nyota kubwa inayoporomoka yenyewe hadi kuwa shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga hautoki. Upande kwa upande ni mahali, wima ni wakati. Mimi mtoto wa chini ya Ruwenzori nikausoma kama mto, kutoka juu kushuka. Nikasimama nikaeleza kwa fahari jinsi nyota inavyotoka shimoni na kunenepa! Darasa zima lilicheka. Mwalimu akafuta machozi, akasema, "Wakati hapa unapanda."

Nikaanza upya, kutoka chini. Mungu wangu! Pale chini nyota bado ni nene, inang'aa. Lakini katikati yake mpaka wa shimo umeshaanza, mdogo kama punje ya ulezi, unapanuka kwenda nje. Aliye ndani yake hasikii kitu. Hakuna ukuta, hakuna kelele. Ila fuata kila njia yake kwenye karatasi, hata ya mwanga wenyewe: hakuna hata moja inayotoka. Akija kuiona hatari, njia ziliisha zamani.

Dada, kalamu iliniponyoka. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeongea na Mama. Vita vimefika vijiji vya jirani kule nyumbani, ng'ambo ya mpaka, naye amekaa kwenye mkeka ananituliza: "Thembo, hapa iko salama, hatusikie hata sauti ya masasi. Matanga ya baba yako haiyaisha, mwanamuke hawezi acha kaburi mubichi. Siku nitaona batu banakimbia, na mie nitatoka." Nikamjibu, "Sawa, Mama." Sawa gani?

Desturi naijua: mjane haondoki kabla matanga hayajaisha. Naiheshimu. Lakini naogopa, dada, naogopa kweli. Leo barabara ya kuja Mpondwe iko wazi. Usingoje aone watu wanakimbia. Usimpigie kumwomba, atakushinda kwa maneno kama anavyotushinda sote. Ukisoma hii, vuka, umlete.

Nisalimie shemeji Baluku, aende nawe. Nisalimie pia shangazi Biira wa Maliba, mwambie matanga ya kaka yake tutayamalizia kwake.

Mama akikataa kuinuka, mbebeni. Anikasirikie mwaka mzima, anikatie simu, asinitaje mbele ya watu. Nataka kubaki na mama wa kunikasirikia.

Mdogo wako,
Thembo