Nyumba Iliyovaa Kofia Upande

Jumapili, 12 Septemba 1993

Kuta zimefika lenta! Baada ya misa nimeizunguka nyumba yangu na viatu vya kanisani, vumbi lote langu. Kiwanja cha Mollo, matofali ya kuchoma, na jiko ndani ya nyumba. Ndani! Majirani wanashangaa. Waache. Biashara yangu ya samaki, dagaa na migebuka ya Kasanga, ndiyo iliyojenga hapa, pamoja na ng'ombe wa mume wangu Masalu, Baba Kabula. Ingawa yeye akisimulia, ng'ombe wanatangulia.

Limebaki paa, na vita imeanza. Baba Kabula anataka paa lililolala, ndilo la kisasa. Mimi nataka lililosimama, kama la nyumba ya Mama kule Mpui. Ameniuliza kama najenga nyumba au kigango. Nikamwambia, wewe Msukuma uliyekulia kwenye msonge, leo paa refu limekuwa dhambi? Tumecheka, lakini hakuna aliyekubali.

Jumanne, 14 Septemba

Nimetoka Mpui. Mama amekonda. Mwezi wa saba aliumwa peke yake, hakuna aliyejua mpaka jirani alipoona moshi hautoki. Hilo linaninyima raha. Nimemwambia nyumba ikiisha aje akae nasi. Akacheka. Nyumba za mjini, anasema, zimebanwa juu kama kopo la kiwi. Dari hakuna. Mbegu zake za ulezi aziweke wapi — chini ya kitanda, panya wafanye harusi? Mbegu hukaa darini, juu ya moto, zikipata moshi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

"Mimi na mbegu zangu hatulali nyumba mbili," akasema, akaniongezea togwa.

Basi, paa litasimama. Sitaki kuja kumzika mtu ambaye ningeweza kumwekea dari.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimemweleza Baba Kabula habari ya dari. Kidogo alainike. Halafu akakumbuka bati. Paa refu linakula bati, linakula mbao, na upepo wa mwezi huu ukilikamata tutalifuata Zambia. Na dumuzi je, mdudu huyu mla nafaka tunayemwita Scania? Dari lenu litakuwa hoteli yake. Nikamwambia ndiyo maana jiko liko ndani, moshi upande darini umfukuze. Akachukua kofia, akatoka. Mume wangu akitoka hivyo, ana lake.

Lakini raha ya kugombania bati! Siku hizi unaingia dukani, unachagua, unaondoka. Hakuna kibali, hakuna kumjua mtu. Zamani ugomvi huu tungeupata wapi?

Jumatatu, 20 Septemba

Asubuhi, kabla sijapanda lori la Kasanga, nimepita kwa Fundi Tadei. Nimemwambia kwa upole: paa lisimame, hasa upande wa jiko, na asisikilize mtu mwingine. Akasema sawa mama, hakuna shida. Nikamwachia migebuka. Nimeondoka nikijiona mjanja.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimerudi — Ee Mungu wangu! Nashuka kwenye lori, naona watu wamesimama barabarani wanaitazama nyumba yangu kama wanatazama ajali. Kenchi za paa zimeshapandishwa. Upande wa barabarani paa limelala, ng'ombe angetembea juu yake. Upande wa nyuma, juu ya jiko, limesimama kabisa, Mpui tupu! Mgongo wa paa haupo katikati, umesogea jikoni. Jirani yetu Josefina anasema nyumba imevaa kofia upande.

Kumbe Baba Kabula naye alipita kwa Tadei! Siku ile ile, jioni. Kwa upole. Na mnofu wa ng'ombe. Tadei akamjibu sawa baba, hakuna shida.

Tadei ni Mfipa mwenzangu, nilipaswa kujua. Kwetu kumwambia mtu "hapana" usoni ni kazi kuliko kuezeka. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alitazama kamba yake ya kupimia.

"Mama, nyote mlikuja vizuri. Nikaona nisimuudhi mtu."

Nilitaka kukasirika, kweli nilitaka. Halafu nikamwona mume wangu nyuma ya rundo la matofali, mabega yanatetemeka. Anacheka! Nikacheka mpaka nikakaa chini. Tadei naye akaanza kucheka, kwanza kwa woga.

Jumatano, 6 Oktoba

Baba Kabula anataka kenchi zishushwe, zianze upya. Watamtania mpaka mnadani, anasema. Mimi nikapanda ngazi, nikaingia pale chini ya mgongo wa paa. Nikasimama. Kilemba hakijagusa kitu! Moto utakuwa chini yangu hapa hapa. Nikamwita. Akapanda akinung'unika. Akanyoosha mkono juu, naye alivyo mrefu, akapima nafasi.

"Mama mkwe atasimama hapa bila kuinama," akasema.

Basi, hazishushwi. Nampenda mwanamume huyu, na iandikwe.

Jumamosi, 23 Oktoba

Bati zimekwisha kupigwa! Dari la mbao juu ya jiko, tayari. Jana upepo umevuma, bati zimelia usiku kucha, haikung'oka hata moja. Leo pombe ya kimpumu, majirani wote, Tadei kacheza.

Obed, dereva wa lori la Mpui, ameleta salamu. Mama atakuja kutusalimia tu. Hiyo "tu" naichukia.

Alhamisi, 4 Novemba

Mama amefika! Baba Kabula amempokea stendi. Mkononi ana kifurushi: kitenge na rozari. Hakuna kapu, hakuna gunia. Nikaitazama mikono yake: mbegu hazikuja. Shikamoo mama, marahaba — na hapo hapo ananiambia atarudi Jumapili, ana kuku wake.

Sebule hakuiangalia. Alizunguka nyuma, akalitazama paa, akauliza ni mlevi gani aliyejenga. Kisha akaingia jikoni, akatazama juu. Akatazama sana.

"Ngazi iko wapi?"

Na umri wake ule! Baba Kabula aliishika ngazi kwa mikono miwili, uso kaugeuzia ukutani kwa heshima. Mama kapanda. Tunamsikia huko juu anagonga mbao, anapiga chafya, anasema peke yake kwa Kifipa.

Wingu limefunga. Sasa matone yanagonga bati — mvua ya kwanza ya nyumba yangu! Na sauti kutoka darini:

"Baba Kabula! Gunia langu nimeliacha kwa Obed. Kimbia, lisije likalowa!"

Gunia gani, Mama? Anagonga mbao tena.

Baba Kabula ametoka mbio, hata viatu hakuvaa. Naandika nimesimama. Hajasema kama anakaa. Kushuka hajashuka. Sasa hivi ametoa kichwa kwenye tundu la dari, ananiuliza kwa ukali kwa nini mpaka saa hizi moto haujawashwa.