Bibi wa Ukutani

Jumatatu, 3 Juni
Maharage yamekauka. Nimeyapiga fimbo uani mpaka mkono ukafa ganzi. Akapita Mama Neema, tulikaa naye kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa anaishi Muyinga. Kaja Gitega kwa harusi. Nikampa maji. Akaangalia picha ukutani.
"Mawe!" akashangaa kwa Kirundi. "Mama yake Konsolata wa kambini anafanya nini kwako?"
Nikacheka. Nikamwambia mi sijui, ni picha tu. Uongo.

Jumanne, 4 Juni
Sijala. Niandike ukweli, labda chakula kitashuka.
Siku ya kurudi Burundi mvua ilinyesha. Magunia yalikuwa na namba zilizoandikwa kwa makaa, maji yakazifuta. Nikachukua gunia lenye kamba ya bluu, kama langu. Kufika huku nafungua: nguo za wengine na bahasha ya picha saba. Nyuma hakuna jina.
Mama yangu alikufa hajapigwa picha hata moja. Binti yangu Joselyne alipofika miaka minne akaniuliza, mbona wenzangu wana bibi? Nikamwonyesha mwanamke wa kwenye picha moja ya zile. Nikasema, huyu hapa. Neno dogo tu. Nikamtundika.
Sasa Joselyne ana kumi na mbili. Kila asubuhi anamsalimia kabla ya shule.

Alhamisi, 6 Juni
Nililala kidogo mchana. Nikaota magunia yanatembea yenyewe barabarani, polepole kama ng'ombe, kila moja linatafuta mwenyewe. Moja likasimama mlangoni kwangu. Halikubisha. Likangoja tu.
Mama Neema kapiga simu. Konsolata yuko Mwakiro. Hana picha yoyote ya mama yake. Tangu arudi anauliza kila mtu wa kambini.
Naogopa. Konsolata ataniita mwizi. Joselyne ataniita nini?

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwambia Joselyne. Tulikuwa tunachambua mchele, nikaongea nikiangalia sinia.
"Kwa hiyo nilikuwa namsalimia nani?"
"Mama wa mtu. Nakwenda kumrudisha."
Akachambua mpaka mchele ukaisha. Halafu akapanda stuli, akamtoa ukutani, akampangusa kwa sketi yake.
"Mi nakuja," akasema. "Nataka kumuaga vizuri."

Jumatatu, 10 Juni
Mwakiro. Tulipanda basi mpaka Muyinga, halafu pikipiki. Nilibeba maharage, huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Ukungu umelala bondeni kama maziwa, vilima vinaelea. Nilihisi hatufiki popote, na nilitaka iwe hivyo.
Konsolata ana mvi. Nilimweleza yote nimesimama, mvua, namba, kamba, hata ule uongo wa bibi. Nikampa bahasha, picha ya ukutani ikiwa juu.
Akakaa chini udongoni. Akaishika ile picha kwa mikono miwili.
"Mama! Mbona uko msichana hivi? Mi nimekushinda uzee!"
Akacheka huku analia. Joselyne akamwambia alikuwa anamsalimia kila asubuhi.
"Kila asubuhi? Basi ndiyo maana hajanisumbua ndotoni. Alikuwa na mjukuu huko." Akanigeukia. "Na we mwizi wa mama za watu, ingia ndani ule."
Nikala. Mara ya kwanza tangu Jumatatu iliyopita nikala nikashiba.
Akataka tumpige picha kwa telefoni, tubaki naye. Joselyne akakataa. "Hapana, shangazi. Huyu ni wako."

Jumatano, 12 Juni
Ukutani kuna mraba mweupe. Nyumba imekuwa kubwa.
Joselyne akaja jikoni, akauliza bibi wa kweli alikuwaje. Nikafumba macho. Uso hauji. Umekwenda. Niliona aibu, mtoto gani anasahau uso wa mama yake?
Nikaanza na visigino vyake. Vilikuwa vimepasuka, cha kushoto zaidi. Nilimfuata nyuma kila siku kwenda kuchota maji, nilikuwa mdogo, ndivyo nilivyoviona. Alikanyaga taratibu penye umande, ili nami nione pa kukanyaga.
Joselyne akavuta stuli karibu.
"Sema tena," akasema. "Cha kushoto."