Unga Uliobaki Chini ya Glasi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba upokee salamu zangu, shikamoo kama umenizidi umri na kama nimekuzidi mimi basi marahaba, maana gazetini hamuweki picha na mtu hajui anamlilia nani. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mkulima wa Mlali, kusoma nimejifunzia ukubwani kwenye elimu ya watu wazima kwa hiyo mwandiko univumilie, na hapa Dodoma mjini nimekuja tangu mwezi wa saba kutibiwa macho, nimefikia kwa mwanangu Erick ambaye ni karani wa serikali na mkewe Violeth ambaye ni mpiga chapa.

Huyu Erick, mshauri, alikuwa mtu wa vilabuni, sifichi, miaka minne nimefunga na kuomba aache pombe, sasa nafika kwake namkuta saa kumi na moja jioni yupo nyumbani, kavua viatu, anacheka na mkewe, na mkononi ana glasi ya kitu cha rangi ya zambarau. Badala ya kushukuru nikaingiwa na wasiwasi. Siku hizi za ruksa kila kitu kinauzwa, na Violeth kanunua sokoni Majengo mashine ya umeme inaitwa blenda, anatia zabibu nyeusi za Makutupora, maziwa mgando na ndizi mbivu, anabonyeza, inanguruma, kisha anammiminia mume wake, na mimi ananiwekea glasi yangu kila siku. Siku ya kwanza nilionja nikairudisha mezani. Ilikuwa na ukakasi, ulimi ukakauka kama nimetafuna gome la mti, na nilipoangalia ya Erick alipomaliza nikaona chini ya glasi kumebaki unga mweusi. Mimi nimekulia kwenye mizizi na magome, mshauri, unga uliosagwa naujua. Nikamuuliza mkamwana wangu kwa utaratibu kabisa, mwanangu humu unatia nini, naye akacheka akanijibu, "Ni dawa, mama. Dawa ya kumrudisha mtu nyumbani."

Hapo ndipo niliposema limbwata hili hapa, dawa ya kumfunga mume, mwanangu keshalishwa. Sikumwambia mtu nyumbani, ila glasi ile niliikwangua, unga nikaufunga kwenye kipande cha nailoni na kukifundika kwenye pindo la kanga, kisha nikaandika barua kwa kaka yangu Yotham kule Mlali kwamba mpwa wako amefungwa akili na mke, njoo na wazee tukae kikao huyu binti arudishwe kwao, na Yotham akajibu kwamba watakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, wakishamaliza kupiga mtama.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumanne moja wote wako kazini nikasema leo nitaiona hiyo dawa inatoka wapi, nikaingia jikoni, nikapekua kabati lote sikukuta mzizi wala gome, nikachukua zabibu nilizozichambua kwa mkono wangu mwenyewe, moja moja, nikatia na maziwa mgando niliyoyamimina mwenyewe, hata ndizi sikuweka, nikabonyeza pale ninapomwona anabonyeza. Kifuniko nilisahau, mshauri. Kile kitu kiliruka mpaka darini, kikanilowesha uso na kanga, nikazima kwa kuchomoa waya huku nataja majina yote ya Mungu ninayoyajua. Kilichobaki nikakimimina kwenye glasi, nikanywa, na ukakasi ni uleule, na chini kukabaki unga uleule mweusi. Ni mbegu, kumbe. Zabibu zina mbegu, na mashine inazisaga pamoja na nyama yake. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, nilipumua pumzi ambayo nilikuwa sijaipata tangu nimefika, kwa sababu mwanangu ni mzima, hajafungwa na mtu, ameacha pombe kwa akili zake.

Nikafuta ukuta, ule unga wangu nikaufunga nao kwenye nailoni nyingine, pindoni pembeni ya ule wa kwanza, kanga nikaiviringisha nikaisukuma chini ya kitanda, nikaenda zangu kwenye sala ya jioni. Niliporudi nilikuta kanga iko kwenye kamba, imefuliwa, doa halionekani, na vile vifurushi viwili vimewekwa juu ya kigoda karibu na kitanda changu, kimoja kando ya kingine. Violeth alinipa pole ya kutembea, akanipakulia chakula kama siku zote. Doa la darini bado lipo na yeye ameliona. Sasa juisi nakunywa, na ajabu tangu siku ile ni laini haina ukakasi wala unga, sijui kabadilisha zabibu, lakini kila ninapoinua glasi naona aibu. Nafikiria nimwandikie Yotham kwamba macho yamezidi, wasije, kikao kife chenyewe na hakuna atakayejua. Nifanyeje, mshauri? Mtu mzima kama mimi nitamwambia nini mtoto wa juzi?

Ni mimi,
Mama mkwe, Dodoma mjini


Majibu ya mshauri

Mama yangu, marahaba yako naipokea, na shikamoo. Umenizidi, kwa hiyo nitakayokuambia nakuambia kama binti yako, lakini nakuambia.

Kwanza nifurahi na wewe. Barua nyingi za limbwata zinazonifikia huishia kwa talaka au polisi, yako imeishia kwa mama mzima amekaa sakafuni anacheka na zabibu usoni. Namshukuru Mungu, na naomba ushukuru zaidi yangu. Umeomba miaka minne mwanao aache pombe. Ameacha, wewe ukaita kikao.

Sasa nikugombeze. Umekuja mjini kutibiwa macho, mama, na macho yako hayana shida hata kidogo, yameona unga mweusi chini ya glasi. Kilichokuponza ni mdomo uliokataa kuuliza mara ya pili. Binti alitania. Wewe na mimi tunasema dawa ya njaa ni ugali na hatumpeleki mtu kwa wazee. Ungemwambia "dawa gani hiyo, nionyeshe," angekushika mkono akakupeleka jikoni, na dari ya watu ingebaki nyeupe. Badala yake ulimwandikia Yotham. Unajua Violeth angekuwa nani baada ya Jumamosi hiyo? Mwanamke akishaitwa mtia limbwata mbele ya wazee, hata akishinda kikao jina linabaki naye, na watoto wake wataulizwa habari hizo shuleni.

Ndiyo maana hilo la kusema macho yamezidi silikubali. Kikao kitakufa, sawa, lakini barua yako ya kwanza Yotham anayo, na kila akikutana na Erick atamwangalia kwa huruma kama mgonjwa. Uongo wako utamlinda mtu mmoja tu, na mtu huyo si Violeth. Leo hii, kabla chai haijapoa, kaa uandike barua nyingine. Usiandike kwamba kikao kimeahirishwa. Andika kwamba ulikosea, kwamba unga ule ni mbegu za zabibu, kwamba umesaga mwenyewe na ukaonja mwenyewe. Vifurushi vyote viwili vitie ndani ya bahasha, Yotham naye aonje. Na umwambie awaambie wale wazee aliokwisha kuwaambia, mmoja mmoja.

Halafu mkamwana wako. Unauliza utamwambia nini mtoto wa juzi, na unatumaini hajui. Anajua, mama. Mwanamke aliyefungua fundo la kanga ya mkwe wake akakuta unga wa glasi yake mwenyewe umefungwa kama ushahidi, anajua alichokuwa anashukiwa. Angeweza kuvitupa vifurushi ukabaki unajiuliza. Angeweza kumwonyesha mumewe usiku huohuo, na leo wewe ungekuwa Mlali. Aliviweka juu ya kigoda, akafua kanga, akakupakulia chakula.

Na umeniandikia mwenyewe bila kujua ulichoandika, kwamba tangu siku ile juisi ni laini, haina unga, labda kabadilisha zabibu. Mimi nanunua zabibu sokoni humohumo, mama, na zabibu za msimu huu ni zilezile na mbegu zake. Njia ya kuipata laini ni moja tu: kuziminya zabibu kwa mkono kwanza, kuipitisha juisi kwenye chujio polepole, kutupa mbegu, ndipo utie mgando na ndizi na uwashe mashine. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu aliyetoka kupiga chapa kutwa nzima. Hajabadilisha zabibu. Anakuchujia.

Hakuna anayekutaka upige magoti. Kesho akirudi kazini mkute jikoni, chukua wewe lile chujio, mwambie, "Mwanangu, nilikudhania vibaya, nisamehe, na hii kazi leo ni yangu." Kisha nyamaza, uminye zabibu. Na kifuniko, mama, usisahau.