Pikapu Inayokula Dizeli

Masasi, 4 Machi 2024

Mwanangu Albano,

Habari za Chang'ombe? Sie huku wazima, isipokuwa goti langu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikiuliza pikapu, mtandao unakatika. Marehemu baba yako aliiendesha miaka yote na dizeli haikumshinda. Wewe kila mwezi ni "Mama, dizeli imekula pesa yote." Inakula pikapu au anakula mtu? Nasikia Kigamboni huishi kwenda. Lisemwalo lipo.

Na magogo ya mpingo ya baba yako bado umeyaweka ndani? Yasikae juani yakapasuka. Uje nayo Pasaka. Lile refu ndilo alilochagua mwenyewe kwa msalaba wa kaburi lake.

Mama yako, Marietha

Chang'ombe, 15 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mie mzima. Kigamboni napeleka makabati ya wateja, hakuna mtu. Nimebadilisha chujio la hewa, nimejaza matairi upepo, nimesafisha nozeli, hata keria nimeing'oa. Naendesha taratibu mpaka bodaboda wananizomea. Ulaji umepungua kidogo tu. Fundi Mfaume anasema injini haina kosa.

Magogo usihofu, hayaachani nami popote niendapo.

Mwanao Albano

Masasi, 23 Machi

Albano,

Salamu zimefika, goti bado. Kama injini haina kosa, kosa ni la dereva. Na mwanaume anayesafisha nozeli ili kumridhisha mama yake ana jambo. Mjomba wako Valerian anakuja kuichukua pikapu. Mpe ufunguo, usibishane. Inaniuma, lakini ndiyo riziki aliyoniachia baba yako.

Mama

Masasi, 8 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Goti limepoa kwa furaha! Valerian ameileta pikapu mpaka hapa, na dizeli imebaki. Injini ile ile! Anasema alikuta nyuma shehena ya kuni chini ya turubai, akamwachia muuza kuni hapo hapo mtaani kwenu. Kumbe unafanya biashara ya kuni na huniambii! Nilijua tu. Sema kweli, nitakusamehe.

Pasaka hukuonekana; magogo ya baba yako yapakie kwenye basi. Fundi wa msalaba anasubiri.

Mama yako

Chang'ombe, 16 Aprili

Shikamoo Mama,

Sina biashara ya kuni. Tangu mvua za vuli chumba changu kinaingia maji, ndiyo maana magogo niliyapakia kwenye pikapu nikawa natembea nayo. Mpingo ni mzito, wewe unajua. Niliogopa kukwambia nimeyatoa ndani, ungesema nimeyauza. Na mjomba alipokuja nilikuwa na hasira, sikutaka kumwona. Nikamwachia Mfaume ufunguo.

Nimekwenda kwa muuza kuni. Aliyauza yote kwa wapishi wa harusi. Lile refu analikumbuka. Anasema liliwaka vizuri sana.

Mwanao Albano